Poso ya Programmeur Anayeanza, Jinsi Ilivyotangazwa Kikula

Muheshimiwa Muwakilishi wa Muwakilishi wa Wakubwa wa Lubumbashi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Bwana Chef wa Quartier na Bwana Chef wa Quartier wa zamani, ambao kwa heshima ya siku ya leo wamekubali kukaa bench moja. Ba-Abbé wetu waliotukopesha hii salle ya paroisse mpaka saa kumi. Ba-Pasteur ambao nawaona pale dirishani, ninyi pia nawasalimu. Ba-tata wa usine ya shaba, ba-retraité, na wale ambao hawajui kama bado wako kazini ao wamekwisha kuwa ba-retraité. Ba-mama wa soko ya Kikula. Ba-jeune wenye diplôme na ba-jeune wenye nguvu. Mabwana wawili wa usalama ambao wamevaa kama watu wote ili tusiwatambue, karibuni sana. Na mimi mwenyewe, Barthélemy, Directeur-Coordonnateur wa Régie ya Michezo ya Ekrani ya Likasi, muntu ambaye amefika Ndola, amefika Bulawayo, na siku moja amelala Bruxelles, ndani ya aéroport yenyewe: protocole yote imeheshimiwa, na yule ambaye sikumutaja ajitaje mwenyewe kwa sauti ya chini.

(Makofi. Muntu mumoja anajitaja.)

Ndugu zangu, katika huu mwaka wa 1995, ambamo cheminée zetu zimepumzika kuvuta moshi kama vile muntu ambaye docteur amemukataza tumbako, kuna watu wanasema Likasi imekwisha. Ninakataa, na ninakataa kwa njia ya kitekniki. Shaba haikwenda popote, iko palepale chini ya udongo. Ni mushahara tu ambao umeshuka, ukapita shaba, na sasa tunautafuta chini yake. Ndiyo maana, katika cadre ya relance, ya restructuration na ya mambo mengine ambayo yanamalizika namna ile, tumefikiri, na nikisema tumefikiri ninataka kusema nimefikiri, kwamba badala ya kuchimba udongo tuchimbe akili.

Munajua jeux vidéo. Mutoto wa tajiri anashika kitu kama sabuni yenye vifungo, anafinya, na ndani ya televizyo kamuntu kadogo kanaruka, kanaanguka, kanakufa, kanaruka tena. Ninyi munafikiri kamuntu kanaruka kwa mapenzi yake. Hapana. Kuna muntu alikaa chini akakaandikia amri: ruka hapa, anguka pale, kufa kidogo, rudi. Ule muntu anaitwa programmeur. Kwa lugha ya hapa kwetu ni kapita, musimamizi, lakini kapita wa watumikaji wasiokula, wasiougua na wasioomba kuonana na chef wa personnel, na mimi sijaona usine yenye bahati kama ile. Kufuata enquête ambayo nimeifanya na macho yangu, asilimia mia moja na kumi na mbili ya ba-jeune wa Likasi wako tayari kuingia ile kazi, na zile kumi na mbili za juu zinatoka kwa jirani zetu wa Kambove.

(Makofi marefu. Upande wa Kambove wanapiga miguu chini.)

Ninajua kwa nini salle imejaa. Kuna waliokuja kusikia, kuna waliokuja kwa sababu ya kivuli, na kuna famille moja pale bench ya mbele ambayo ilikuja kuhukumu. Yule kijana mwenye shati nyeupe ni Guy, diplôme ya électricité, candidat wa kwanza wa Régie yetu. Kando yake ni Mado, muchumba wake. Si kando kabisa, sababu katikati yao amekaa Tata Banza, baba ya Mado, muntu wa moto, ambaye ametumika maisha yake yote mbele ya fours za kuyeyusha shaba. Tata Banza aliapa mbele ya ndugu zake kwamba mutoto wake haingii nyumba ya muntu ambaye hajasikia poso yake na masikio yake mawili. Kama leo hajasikia, siku ya Mungu watu wa Elie, yule mwenye kamyo ya makala, wanafika kwake kumuomba Mado na wanapokelewa. Tata, nimeelewa vizuri?

(Tata Banza, bila kusimama: «Soma tu, Mukubwa. Njo juu ya ile tulikuya.»)

Nasoma. Lakini kwanza, kwa vijana waliozaliwa juzi: poso ni kile chakula ambacho kampuni ilikuwa inamupimia mutumikaji, unga, samaki, mafuta, kufuata hesabu ya midomo ya nyumba yake. Régie imechagua poso na kuacha makuta, ni kusema feza, kwa sababu za uchumi ambazo ni ndefu lakini nazifupisha: makuta yakitoka banki yanakuwa mbuzi, yakifika barabarani yanakuwa kuku, na ukisimama kusalimia muntu yanaingia Kikula yakiwa yai.

(Mama Albertine, muuza unga sokoni: «Na yai yenyewe inaoza.» Kicheko.)

Asante, mama, kwa ule mchango wa kisayansi. Sasa nafika kwenye tumbo ya hotuba: programmeur anayeanza atalipwa nini? Kule Ulaya na Amerika, ambako nimeuliza watu ambao waliuliza wengine, anayeanza analipwa kidogo kuliko yule aliyezoea, na anayetengeneza michezo analipwa kidogo kuliko mwenzake anayetumikia banki, hata kama walikaa pupitre moja masomoni. Sababu? Banki ni machungu, mchezo ni furaha, na katika administration moderne furaha ni sehemu ya mushahara. Kwa hiyo Régie itakata furaha kwenye mushahara, moja kwa moja, kabla mutumikaji hajaishika.

(Guy anasimama, mikono nyuma kama yuko masomoni: «Pardon, Monsieur le Directeur. Na kama minye nachukia ile kazi, mutaniongeza?»)

Swali nzuri, inaonyesha niveau. Utaongezwa, lakini kwa contrôle. Kila asubuhi kapita atatazama uso wako mulangoni, na ukionekana unacheka, siku ile imekatwa. Naendelea. Ekrani inatoa mwangaza mukali, na katika historia ya Likasi hakuna mutumikaji aliyesimama mbele ya kitu chenye kuwaka bila maziwa. Programmeur anayeanza atapewa nusu litre ya maziwa kila posti ya kazi, ya kusafisha kifua. Atapewa kofia ya kiwanda. Atapewa botte mbili, moja kwa kila mguu. Sirène italia asubuhi, italia nyuma ya midi, italia usiku, sababu ingawa wazungu wanasema akili inatembea yenyewe, sisi tunajua kwamba akili bila sirène inabaki kitandani.

(Tata Banza, kwa jirani yake: «Maziwa ni ya kweli. Pasipo maziwa ile moshi inabakia ndani.» Jirani anakubali na kichwa.)

Kuhusu hatari ya kazi: programmeur akikufa ndani ya mchezo aliouandika mwenyewe, Régie italipa sanduku na kahawa ya matanga. Lakini kwa sababu mchezo unampa kila muntu uhai tatu, administration haitadanganywa: tutalipa kwenye kifo cha tatu peke yake, na vile viwili vya kwanza ni juu ya famille.

Na sasa poso yenyewe. Programmeur anayeanza, classe ya chini kabisa, mwenye bibi: mufuko moja ya unga kila mwezi, samaki ya chumvi, mafuta, maharagi, na nyongeza kwa kila mutoto.

(Makofi. Tata Banza anatikisa kichwa polepole, kama muntu anayeonja mboga na kuikuta na chumvi.)

Programmeur anayeanza, célibataire: kofia na botte.

(Makofi yanakatika. Salle yote inamutazama.)

Musinitazame vile. Poso, tangu ilipoanzishwa, inahesabu midomo ya nyumba, na mudomo wa célibataire unakula kwa mama yake.

(Tata Banza anasimama. «Mukubwa, rudia pale. Asiye na bibi, hana na poso?»)

Ndiyo vile, Tata.

(«Nimesikia. Na kwangu minye, asiye na poso, hana na bibi. Sasa huyu kijana ataanzia wapi?» Salle inaguna. Guy anatazama viatu vyake.)

Tata Banza ametoa mchango wa maana sana. Administration iliiona hii problème tangu zamani, na ni kwa sababu ile iliacha kuitazama. Lakini mimi si muntu wa kukosa. Napendekeza, hapa mbele ya watu, bibi à titre provisoire: Mado anaandikwa kwa mwezi mumoja, poso inatoka, Tata anaiona, ndoa inafuata kwa utaratibu wake.

(Tata Banza: «Sufuria njo banakopesha jirani. Mado hapana.» Makofi, makubwa kuliko yale ya Directeur.)

Makofi yale nayapokea pia. Ndiyo, Mama Albertine? Kwa ufupi, mama, ba-Abbé wanatazama saa.

(Mama Albertine hasimami, anageuza tu kichwa. «Tata Banza, nikuulize, juu weye na minye tunajuana. Poso ya mwisho uliingiza kwako wakati gani?»

«Ile mwaka ingine.»

«Na mama Mado, amerudi kwabo?»

«Iko nyumbani.»

«Anakula nini?»

«Anauza mikate asubuhi.»

«Na weye unakula nini?»

«Nakula ile mikate.»

«Njo vile. Basi Guy naye akule mikate ya Mado. Kosa yake iko wapi?»)

Naomba utulivu. Naomba ba-mama wasisimame kwenye bench, ni ya paroisse. Naona mademoiselle Mado ameinua mukono. Régie yetu inaheshimu wanawake, aseme.

(Mado: «Tata, ile kamyo ya Elie iko na bibi mbili tayari, mumoja mbele, mumoja nyuma. Minye nitakaa juu ya makala?» Kisha anatoka mahali pake, anapita mbele ya baba yake, anasema pardon, na anaketi upande wa pili, karibu na Guy. «Sikuomba unga,» anasema. «Niliomba tu umutazame.»

Tata Banza anamutazama Guy. Guy anatoa mikono mifukoni, anairudisha, anaitoa tena. «Tata,» anasema, «minye natengeneza ba-radio ya Kikula yote. Na sitamufichia kitu.»

«Njaa utamufichia wapi?» anauliza Tata Banza. Kisha anakaa chini. «Mutoto natoa. Ba-Abbé bamesikia, ba-mama bamesikia. Natoa. Lakini ile mufuko ya unga, Mukubwa, mwisho ya mwezi minye mwenyewe nitakuya kuibeba, tena muchana.» Vigelegele. Mama Albertine amepanda bench.)

Katika hali hii ya furaha, ambayo haitakatwa, tuseme maneno yetu ya muji. Mimi nasema, ninyi munajibu. Shaba?

(«Jana.»)

Ekrani?

(«Kesho.»)

Na leo?

(Hakuna anayejibu.)

Tutalirudia lile kwa réunion ingine. Ndugu zangu, muntu mwenye adabu haondoki bila kushukuru. Nawashukuru ba-ingénieur wa Japon, ambao hawakufika, hawakualikwa, na hawajui kama Likasi iko. Nashukuru kiwanda chetu, ambacho kwa kutojengwa hakikumubomokea muntu. Nashukuru ordinateur zetu mia mbili, ambazo niliziona Ndola kwenye calendrier ya muhindi mumoja, picha nzuri sana, ya mwezi wa nne. Nashukuru Wakubwa wa Lubumbashi walioniambia: Barthélemy, ba-jeune wa Likasi wamechoka, nenda uwaambie kitu ya kesho, juu ya leo hatuna na kitu. Barème, ile hesabu ya poso, niliitunga mwenyewe jana nikinyolewa, na hata kinyozi alichangia, maziwa ni yake. Régie haikuumbwa, haiumbwi na haitaumbwa. Lakini naomba mutambue, na hii naomba muipigie makofi, kwamba katika makampuni yote ya huu muji ni yetu peke yake ambayo haina deni la mushahara hata la siku moja.

(Hakuna makofi. Tata Banza amesimama. «Mukubwa. Mufuko hakuna?»)

Hakuna, Tata.

(«Na weye, nani anakulipa?»)

Mimi, Tata, ni Directeur-Coordonnateur wa ile Régie.

(Tata Banza anamutazama kuanzia cravate mpaka viatu, na viatu anavitazama zaidi. Anageuka: Mado hakusogea pale alipoketi. «Neno nilitoa mbele ya ba-Abbé,» anasema. «Sitalimeza juu ya unga ya muntu ambaye naye hana na unga. Lakini utakuya kwa ndoa, na utasimama mbele ya ndugu zangu, utabaeleza juu ya nini mukwe yangu hana na poso. Kusema, unajua.» Mama Albertine anacheka mpaka anashika ukuta.)

Nitakuja, Tata. Na katika ripoti itakayopanda Lubumbashi nitaandika ukweli mutupu, kwa mara ya kwanza katika carrière yangu: kiwanda, hakuna, programmeur, hakuna, poso, hakuna, ndoa, moja. Asanteni kwa kunisikiliza. Na kama famille inataka ile hotuba ya ndoa ikuwe fupi, ba-mama wanipimie bukari ya unga kabla sijasema, sababu mimi nikiwa na njaa ninatunga kiwanda.