Nilivyotua Miguuni pa Mama Mkwe

Jamani, leo sina uso. Kama mnajua shule yoyote ya mbali inayotafuta mwalimu, niambieni. Naondoka hata kwa miguu.

Mnafahamu kwamba Jumamosi hii washenga wangu wanakwenda kwa kina Adela kupokea jibu la mwisho. Baba yake ameshakubali. Amebaki mama, na pale nyumbani mama ndiye mwenye neno. Mnafahamu pia mila yetu: mkwe na mama mkwe hawakutani. Ukimwona anakuja unaingia majanini, naye anajifunika kanga usoni na kupita. Zamani haikuwa kazi, wakwe walikaa kilima kingine. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya, mlango wa Mama Adela unatazamana na ofisi ya mwalimu mkuu. Miezi yote hii nakwenda kufundisha kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Sasa, asubuhi ya leo. Darasa la saba, kipindi cha Kiingereza, neno la siku: "spring". Neno moja, maana kibao! Nikaamua kulifundisha kwa vitendo. (Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia shimo.)

Maana ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Nilifungua springi ya kiti cha baiskeli yangu, nikaibana mezani, nikaiachia. Ikaruka, ikagonga ubao. Makofi!

"Hata malori ya Kibondo yanazo, mwalimu!"

"Naam. Zile bapa za chini ya bodi, nazo ni hizo hizo."

Maana ya pili, majira. Nikawaeleza kwamba kule Ulaya baridi kali ikiisha, miti huchipua na maua hutoka, na watu hufurahi.

"Huku kwetu ni mwezi gani, mwalimu?" akauliza Neema, anayekaa mbele.

"Huku hayapo. Tuna mvua na kiangazi, basi."

"Sasa tunajifunza ya nini?"

"Ya mtihani."

Wakaandika.

Zikabaki mbili: chemchemi, na kuruka ghafla. Nikajisemea, kwa nini nisizimalize kwa pamoja? Chemchemi yetu iko bondeni nyuma ya shule. Nikawapanga mstari, tukashuka. Nilikuwa nimevaa bugaluu langu la kahawia, suruali pana chini, na zile raizoni nilizonunua Kibondo dukani kwa Mzee Salumu, zenye soli nene na kisigino kama tofali. Pale chemchemini kila mtu huvua viatu, kwa sababu ni maji ya kunywa. Mimi sikuvua. (Bila raizoni bugaluu linafagia njia, halafu nakuwa mfupi kuliko wanafunzi wa nyuma.)

Kinamama walikuwa wanateka maji.

"Mwakeye!" niliwaamkia kwa jumla, macho chini, kama mkwe mwenye adabu. Ng'ambo ya kidimbwi mmoja alikuwa ameinama anajaza mtungi, unaonekana mgongo tu. Mgongo ule nilipaswa kuutambua. Ndicho kitu chake pekee nilichowahi kukiona.

"Hii ni nini?" nikauliza darasa, nikionyesha maji.

"Hiyo ni spring!" wakajibu kwa sauti moja.

"Vizuri. Sasa nitazameni mimi nafanya nini!"

Nikarudi nyuma, nikakimbia, nikaruka. Kuruka niliruka, sitaki mtu abishe. Ila nikiwa hewani kisigino cha kulia kikanasa kwenye pindo la bugaluu. Nikatua kifudifudi. Uso ng'ambo ukingoni, miguu ndani ya chemchemi, raizoni zimezama kwenye tope mpaka vifundoni. Maji yakageuka chai ya maziwa. Nikajaribu kuinuka, wapi! Nikaanza kurudi nyuma, nazama.

Yule mama akatupa mtungi. Akanikamata makwapani, akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Akavuta tena. Kifungo cha kiunoni kikakatika.

Mimi nikatoka. Suruali haikutoka.

"Yoo! Huyu ni nani?" akauliza mama, bado amenishikilia, macho yamejaa matope niliyomrushia.

Darasa langu nimelizoesha: swali likiulizwa, jibu la pamoja, sentensi kamili.

"Huyu ni mwalimu wetu!"

"Anafanya nini?"

"Anaruka!"

"Weee, Mama Adela!" akapiga kelele jirani yake. "Mwachie! Huyo ni mkweo!"

Akaniachia. Nikarudi majini. Yeye upesi akajifunika kanga usoni. (Mwenye shida ya kanga pale alikuwa nani?)

Nilipanda kilima nimejifunga jani la mgomba, wanafunzi nyuma yangu, mstari umenyooka, wanatembea kama wako msibani. Heri wangecheka. Masikio yaliwaka kwa aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nampenda Adela, na nilijua kabisa kwamba Jumamosi yangu imeishia pale kwenye tope.

Mchana wote nimeshinda nazoa matope, maana aliyechafua chemchemi ndiye anayeisafisha. Kinamama wamekaa juu na ndoo zao wakinielekeza. Jioni hii akaja Adela. Alisimama mbali kidogo, anatazama migomba.

"Mama kanituma. Anasema washenga waje Jumamosi."

"Kweli? Amenisamehe?"

"Hajasema amekusamehe. Anasema akikukataa sasa, watu watamuuliza ameona kasoro gani."

Basi jamani, nimekubaliwa. Mnaotaka kucheka chekeni leo mmalize, harusini mama atakaa mbele.