Sentimita Tatu Kutoka kwa Letisia

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kasiani, kaniita. Nikampa shikamoo, akanipa kazi. Kaya zote zinahamia kijiji kipya huku Tindiga, na mwalimu wa hesabu ni mimi: nichore ramani ya viwanja kwa skeli. Bahati iliyoje! Letisia, muuguzi wa zahanati, naye atapata kiwanja. Miezi minane sasa nakula ugali peke yangu, naongea na sufuria. Skeli: sentimita moja kwa mita kumi. Nyumba yangu na yake nimezichora kwanza, kwa wino. Kati yetu sentimita tatu. Mita thelathini tu! Akikaanga vitunguu nitasikia harufu.

Jumatano, 7 Agosti
Balaa. Shamba la kijiji limegoma kuenea kwenye karatasi. Limeishia mezani. Karatasi nyingine mpaka Kilosa. Nikabadili skeli: sentimita moja kwa mita mia. Shamba, shule, zahanati, vyote vimeingia. Nyumba zetu mbili sikuzigusa. Wino haufutiki, na zilikuwa zimependeza.

Ijumaa, 9 Agosti
Mzee Kasiani kagonga muhuri. Mkutanoni Filipo, bwana shamba mwenye baiskeli na maringo, akaweka rula juu ya ramani. Akauliza kama mwalimu anajijengea nyumba ya mita mia. Kicheko! Mtu akasema makabaila huanza hivyo hivyo. Nikajitetea kwamba hata ya Letisia ni mita mia. Letisia hakucheka. Nikaomba kusahihisha. Mzee akasema muhuri ni muhuri: nyumba zipunguzwe, mahali pabaki palepale.

Jumamosi, 10 Agosti
Tumepima kwa kamba. Mita mia tatu! Niko mwisho wa shamba, jirani zangu ngedere. Nafasi iliyobaki kati yetu kapewa Filipo.

Jumapili, 25 Agosti
Nimehamia. Letisia kasema angeniletea mboga, ila kwangu ni safari. Kampa Filipo. Nimekula ugali na chumvi. Nina upweke, nakiri.
Lakini kosa nimeliona: skeli ya kwanza niliibadili kidogo mno! Nimechora upya, sentimita moja kwa mita elfu kumi. Kesho naipeleka ikagongwe muhuri. Nyumba yangu na ya Letisia sasa zimegusana. Filipo hana hata pa kupitisha baiskeli.