Mwenye Ngome ya Ballyroddan

Lorcan Tighe alikuwa mtu wa huruma sana. Hakukosa mazishi, hasa ya watu asiowajua. Kila asubuhi alisoma matangazo ya vifo gazetini, akachagua msiba wenye dalili za chakula kizuri, akavaa koti lake jeusi na kutoka Dublin kwenda kuwapa wafiwa mkono wa pole. Kwetu mgeni msibani haulizwi yeye ni nani. Anapewa chai na sandwichi za nguruwe, na akitulia atasikia mambo ya parokia nzima.

Ndivyo alivyotufikia hapa Ballyroddan siku tuliyomzika Packie Doyle. Njia ya makaburini inapita chini ya ngome ya kale ya Wanormani, na ukuta wa ngome ulikuwa umeiangukia njia hiyo tangu majira ya baridi, kwa hiyo jeneza tulilipitisha shambani, kwenye tope. Nusura tumwangushe Packie. Mjane wake, Attracta, anatembelea mkongojo. Alibaki getini, mumewe akazikwa yeye hayupo. Watu walilia kwa hilo. Lorcan aliitazama ngome akaanza kuwapigia hesabu watalii.

Kwenye chai akajisogeza kwa Malachy Furlong, mwenye baa yetu, akamuuliza ngome ni ya nani.

"Ya akina Burnell, ndugu yangu. Walishakwisha wote," alisema Malachy. "Laiti ningempata mwenyewe, ningeinunua kesho. Ningeweka vitanda mule kwenye gereza lake la chini, Wamarekani wangegombania kulala."

Lorcan aliweka kikombe chini. Machozi yakamlenga, maana machozi yake yalikuwa na utii wa ajabu.

"Marehemu mama yangu alikuwa Burnell," alisema.

Malachy alitutazama. Sisi tukatazama vikombe vyetu.

Wiki iliyofuata Lorcan alirudi na pete ya ukoo, iliyonunuliwa sokoni na bado ikinuka gundi. Alitugeuzia uso upande, tuione pua yake, akasema hiyo ndiyo pua ya akina Burnell. Hakuna aliyewahi kuiona pua ya Burnell yeyote, kwa hiyo tulikubali mara moja. Alipotaja bei ya kumuuzia Malachy ngome, Malachy naye hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu: Lorcan aape pale baa, mbele ya watu wote na mbele ya Sajenti Nuala Breen wa polisi.

Lorcan hakuona tabu. Kwake kiapo kilitoka kama chafya. Aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba ngome ni yake, minara yake, handaki lake, na kila jiwe lililosimama na lililoanguka. Maneno hayo ya mwisho aliongezewa na Malachy, eti kiapo kikamilike.

Tulipiga makofi. Attracta akainuka kwa mkongojo wake, akamshika mkono.

"Mungu akubariki, mwanangu. Sasa nitafika kwa Packie wangu."

Lorcan akauliza atafikaje. Sajenti akamweleza kwa upole. Tangu ukuta uanguke tulikuwa tunaomba ruhusa ya kuuondoa, na mkubwa mmoja wa idara ya mambo ya kale alitujibu kwamba mawe yale hayaguswi na mtu ila mwenye ngome, tena kwa mikono, mashine isisogee. Tulipomwambia ngome haina mwenyewe, alitushauri tumtafute.

"Na tumekupata," alisema Sajenti.

"Lakini mimi nimeshamuuzia Malachy."

"Wapi? Sijatoa hata senti," alisema Malachy. "Fungua njia kwanza, bosi. Nitanunuaje ngome isiyopitika?"

Lorcan akacheka, kicheko kikavu. "Jamani, huu ulikuwa utani. Mimi si Burnell."

Sajenti alikoroga chai yake bila haraka.

"Kama si Burnell, umeapa uongo mbele yangu ili uuze mali isiyo yako. Hilo lina jela yake. Sasa leo wewe ni nani, bwana? Fikiria taratibu, mwanangu. Sote tupo."

Lorcan alifikiri. Alitazama mlango, na mlangoni alikuwa amesimama nusu ya timu yetu ya mpira.

"Burnell," alisema.

Aliyabeba mawe yale moja moja, mvua ikimnyeshea shingoni. Hatukumwacha mpweke hata siku moja. Tuliegemea geti tukimpa ushauri, tukamwita Bwana Mkubwa, na kumkumbusha akunje magoti asije akaumia mgongo. Kumsaidia haikuwezekana, maana mali haikuwa yetu na sisi ni watu wa kufuata sheria. Attracta peke yake ndiye aliyemletea sandwichi, na nadhani zilimuuma kuliko mawe.

Siku njia ilipofunguka, Attracta alipita wa kwanza. Alikaa kaburini kwa Packie mchana mzima akimsimulia habari zote za ngome na pua. Packie sikuwahi kumpenda, lakini siku hiyo nilifurahi kwa ajili yake.

Lorcan alikuwa ameshavaa koti lake jeusi na macho yake yako kwenye kituo cha basi. Malachy akamletea chai, akamzungusha bega polepole mpaka akatazamana na ngome.

"Ule mnara wa nyuma, Bwana Mkubwa," alisema. "Hebu angalia unavyoinamia shule."