Mtamba wa Bonareri na Moto wa Kuazima

Jumapili, 12 Oktoba
Bonasi ya chai imeingia. Ndogo! Mwaka mzima tunachuma mgongo ukivunjika, halafu unapewa kitu cha kufutia machozi. Silalamiki. Kuanzia leo nimeshika usukani wa nyumba hii.

Sababu ni mtamba. Shemeji Makori, kaka yake Bonareri mke wangu, anauza mtamba wa Frisian huko Nyansiongo, tayari ana mimba. Bonareri alienda kumwona, akarudi anatabasamu peke yake. Miaka minane anakunywa turungi, chai isiyo na maziwa, au ananunua maziwa kwa jirani yetu Nyabuto, ambaye hupima kama dawa ya kikohozi. Tumepungukiwa na elfu sita. Makori atatungoja hadi Alhamisi ya tarehe 23. Baada ya hapo anamuuzia Nyabuto, mwenye pesa taslimu na maringo.

Nikamwambia Bonareri elfu sita ni kitu gani? Tutabana matumizi. Akasema sawa, bana, lakini usiniaibishe. Nikauliza nimewahi lini. Akaenda kuosha vikombe. Ni mwanamke wa maneno machache.

Jumatatu, 13 Oktoba
Sukari nimeifungia sandukuni. Mkate, marufuku. Bando la simu, marufuku, kwa hivyo nimejitoa kwenye vikundi vyote vya WhatsApp vya michango: mazishi, hospitali, harusi ya mtu nisiyemjua. Utulivu ulioje! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini nimetoka. Inaonyesha walivyokuwa wakinipenda.

Watoto wameuliza sukari iko wapi. Nimewaambia chai ya Ekerenyo ina utamu wake wa asili. Wameonja, wameniangalia, wameenda shule.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeamka kabla ya jogoo. Siwezi kutulia. Uvumbuzi! Zinazotumaliza ni kuni. Redio ilieleza jiko la kikapu: unachemsha maharagwe kidogo, unatumbukiza sufuria kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, unafunika, unaenda zako shambani. Yanaiva kwa joto lake yenyewe!

Jioni nimesimama nje kutazama paa la jiko letu. Safi. Kwa majirani moshi unapaa, pesa zao zinapanda mbinguni. Kwetu, hakuna kitu. Maharagwe yalikuwa na ukaidi kidogo, lakini meno tulipewa ya nini?

Jumatano, 15 Oktoba
Kasoro moja. Lazima yachemke kwanza, na hilo linataka kuni. Nikazunguka nyumba mara kadhaa, nikapata jibu. Kwa Nyabuto moto unawaka kutwa! Nikabeba sufuria yangu hadi huko. Nyabuto hakuwepo, alikuwepo mkewe Celestine. Nikamwomba anichemshie kidogo tu. Akauliza kama Bonareri anaumwa. Nikasema ni mzima, anachuma chai. Akauliza kama kuni zimeisha. Nikasema sisi siku hizi hatuwashi moto. Akatazama viatu vyangu, akaongeza nyanya mbili na kitunguu bila kuombwa! Mama mwema, ingawa aliolewa vibaya.

Bonareri sikumwambia. Mtu anatakiwa kujua maharagwe yameiva, si yameivia wapi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Celestine sasa ananingoja mlangoni. Leo sufuria imetoka kwake na vipande vya nyama ndani. Nyama! Nimeila njiani isije ikaleta maswali.

Halafu ugomvi. Bonareri anataka maharagwe ya kupeleka Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisani kinachobebea chakula familia isiyojiweza Sabato alasiri. Nikakataa. Nikamwambia mwezi wa kubana, hata huruma ibanwe. Akapima makopo mawili ya gorogoro mbele ya macho yangu. Nikauliza ni familia gani hiyo inayokula jasho langu. Akasema hajui. Persis, kiongozi wao, hasemi mpaka wafike kwenyewe, ili watu wasisengenywe. Nikasema wengine wana bahati.

Sabato, 18 Oktoba
Siandiki siku ya Sabato, lakini leo mkono unawasha.

Baada ya ibada nilitoroka kabla ya mchango wa jengo, nikaja kujinyoosha. Alasiri nikasikia akina mama wanaimba, wanashuka na njia yetu. Nikachungulia. Persis mbele, Celestine nyuma yake, na Nyabuto anakokota pikipiki yenye gunia la mahindi, amevua kofia kama yuko matangani. Wa mwisho ni Bonareri, kikapu kichwani, anaimba kuwashinda wote.

Wakafika langoni kwetu, wakaingia. Bonareri akapitiliza! Alienda na wimbo wake hatua kadhaa, akageuka, akajikuta peke yake barabarani. Akarudi langoni.

Bonareri anasema ati ningesema kitu. Niseme nini? Wageni wako mlangoni! Persis akaomba kwa machozi. Akamshukuru Mungu kwa kumfumbua macho Celestine aone nyumba isiyotoa moshi. Akasema hata kwenye vikundi Baba huyu amejitoa kwa uchungu, kwa kukosa cha kuchanga. Nikasema amina. Nikapokea unga. Nikapokea mahindi. Nikapokea sukari. Kikabaki kikapu cha Bonareri, na ilibidi anikabidhi yeye mwenyewe. Nikafunua. Gorogoro mbili za maharagwe ya madoadoa. Maharagwe yangu! Yamerudi nyumbani! Nikacheka kwa furaha. Persis akadhani nimefarijika.

Jumapili, 19 Oktoba
Bonareri amelia. Kisha ameniongelesha Kiswahili. Hiyo ni hatari, kwa sababu sisi nyumbani ni Ekegusii, na Kiswahili chake ni cha kumsemesha karani wa ofisi. Amesema kila mtu aliyeingia lango lile jana atarudi Jumanne, na atakula kuku. Nikauliza, na mtamba je? Akasema aliniomba kitu kimoja tu, na hakikuwa ng'ombe.

Jumanne, 21 Oktoba
Majogoo matatu. Mchele. Soda! Zote pesa za mtamba. Bonareri amewasha kuni mbichi makusudi, moshi huo nadhani umeonekana mpaka Itumbe. Nyabuto amekula mapaja mawili, nimeyaona kwa macho yangu, kisha akasimama kutoa neno. Amesema kusaidiwa si aibu. Nyumba nzima, amina! Bonareri alitabasamu hadi mgeni wa mwisho alipotoka. Halafu aliketi chini, sahani bado mkononi, na hakuinuka hata nilipomwita.

Alhamisi, 23 Oktoba
Mtamba amepita. Nyabuto angeweza kufuata njia ya juu, ambayo ndiyo fupi. Yaya, hapana! Amempitisha langoni kwetu, polepole. Mweusi kwa mweupe, ngozi inang'aa. Bonareri alisimama kwenye ua, akamwita Moraa. Kumbe alikuwa amekwisha kumpa jina kule Nyansiongo! Mtamba akageuza kichwa. Nyabuto akasema akizaa, maziwa atatuuzia kwa bei ya wahitaji. Bonareri akaingia ndani.

Mimi nikamuuliza Nyabuto bei hiyo ni ngapi.

Jumapili, 26 Oktoba
Bado Kiswahili. Pesa zilizobaki amezishika yeye, na ndani ya kikapu changu anaatamia kuku. Sawa. Mitamba haijaisha duniani. Siku tatu nimetembea huku na huku shambani nikitafuta kosa lilikuwa wapi, na leo nimelipata.

Kosa ni kwamba Bonareri yuko Dorkasi!

Sasa. Wakatoliki nao wana kikundi cha kutembelea wahitaji, na hakuna anayemjua Bonareri huko. Zilpa anayeuza dagaa wa omena sokoni Ekerenyo ni Mkatoliki. Nimepita kwake leo. Moto wake unawaka vizuri ajabu.

Maharagwe nimeshaloweka.