Marehemu Mzee Zebedayo na Kitabu cha Mbuzi

Jumatatu, 2 Desemba

Ninaungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nimeandika kitabu cha watoto.

Kina kurasa hamsini na mbili. Kinaitwa Mbuzi Asiye na Pasi. Mbuzi wa bibi mmoja hapa Tunduma anafuata lori lenye gunia la mahindi lililotoboka, anakula punje moja moja, akiinua kichwa yuko Nakonde, upande wa Zambia. Maofisa wa pande zote mbili wanashindwa kukubaliana ni raia wa nchi gani. Nilikiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la Jiografia wakati wenzangu wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yakitoka Januari, Mama ataelewa kwa nini Jiografia iko vile.

Leo chumba cha kusomea watoto, kile cha nyuma ya kanisa, kimepokea vitabu vipya vya hadithi kumi na kimoja kutoka kwa wachapishaji wa Mbeya. Mwalimu Imelda, mwalimu mstaafu anayekisimamia, ametupa kazi ya kuvipanga mimi na rafiki yangu Eva. Watoto watasoma wiki nzima. Jumamosi watapiga kura: kila mtoto punje moja ya mahindi, anaitia kwenye kopo lililo mbele ya kitabu alichokipenda. Jumamosi inayofuata ni Siku ya Kusoma. Wachapishaji wenyewe watakuja kumwona mwandishi aliyeshinda.

Mpango: vitabu viwe kumi na viwili.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekichapa na kukibana steshenari. Jalada ni la manila. Nimemchora mbuzi mwenyewe. Alitoka kama mbwa. Nikamwongezea ndevu.

Jina langu sikuliweka. Nikiitwa mbele ya watu watatu tu, sauti inapotea hadi kesho yake. Halafu mwandishi wa vitabu ni mtu mzima, mwenye koti. Nikaandika: Zebedayo Kibona, Itumba. Akina Kibona wamejaa wilaya nzima ya Ileje, hakuna atakayejisumbua kuuliza ni yupi. Nilijipongeza sana kwa hilo.

Nikamwambia Mwalimu Imelda kitabu kimeletwa na bodaboda kutoka Itumba, na mzee aliyekiandika anamsalimu. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama. Ukurasa wa pili akakaa.

Eva akasema kile kitabu cha mbwa hakieleweki.

Alhamisi, 5 Desemba

Rozi, ana miaka tisa, amekisoma mara mbili. Mara ya pili alicheka hadi akapata kwikwi, ikabidi apewe maji. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, najifanya nafuta vumbi. Kabati halijawahi kuwa safi namna hii.

Halafu Eva akajitolea kukisoma kwa sauti. Akawapa maofisa sauti ya mchungaji na mbuzi akampa sauti yangu mimi, ile ya chinichini. Watoto wakagaragara. Sijui kama nimetukanwa au nimesaidiwa. Kinachouma ni kwamba anakisoma vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeshinda!

Kopo la mbuzi lilijaa hadi punje zikamwagika. Nilikuwa na punje tatu za akiba mfukoni. Hazikuhitajika. Nikazitia tu.

Ningeenda nyumbani wakati ule, maisha yangu yangekuwa mazuri. Mwalimu Imelda akanishika mkono. Akasema lazima Mzee Zebedayo aje Siku ya Kusoma, akaomba namba yake. Nikasema hana simu. Akasema basi tumtume yule bodaboda. Nikasema mzee anaumwa. Akasema basi ndiyo maana inabidi tukamwone. Nikasema anaumwa sana. Akasema basi twende kesho.

Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Nikasikia sauti yangu ikisema Mzee Zebedayo hatunaye tena. Amefariki alfajiri.

Mwalimu Imelda akavua miwani. Rozi akalia, machozi yakadondokea ukurasa ambao mbuzi anapigwa picha ya pasi.

Nimejisikia vibaya. Lakini pia, hapa kwangu daftarini, nimepumua. Marehemu hapokei mialiko.

Jumapili, 8 Desemba

Nilidhani kifo kinafunga mjadala. Nilisahau naishi wapi.

Kifo kimetangazwa kanisani. Tumesimama kimya dakika nzima kwa ajili ya mtu niliyemtengeneza Jumanne. Baada ya ibada akina mama wakakaa pale pale uani na kupanga safari ya kwenda kuwapa pole wafiwa. Unga, sukari, mchele. Gari ni Noah ya mzee wa kanisa. Keshokutwa.

Mwalimu Imelda akasema Tusekile, yaani mimi, ataongoza njia, maana ndiye aliyepokea kitabu na salamu za mwisho za marehemu. Mama yangu akanitazama kwa fahari. Hajawahi kunitazama hivyo tangu nibatizwe.

Jumatatu, 9 Desemba

Majaribio ya leo.

Nilimwambia Mwalimu Imelda barabara ya Itumba ina utelezi, mvua imenyesha. Akasema atavaa mabuti.

Nikamwambia mazishi yamekwisha. Akasema basi tutawahi matanga.

Nikamwambia nimesikia familia ile haipendi wageni. Akasema familia ya namna hiyo ndiyo inayohitaji watu.

Jioni Eva akaja nyumbani kuniuliza avae kitenge gani msibani. Anaenda na yeye. Hamjui marehemu, mwanzoni hakujua hata kwamba yule ni mbuzi si mbwa, lakini anaenda.

Jumanne, 10 Desemba

Siku ndefu. Nitaandika yote.

Safari ilikuwa saa moja asubuhi. Nilipanga kuchelewa, waniache, wafike Itumba, wakose msiba, warudi. Kisingizio ninacho. Simu za huku zikidaka mtandao wa Nakonde zinarudi nyuma saa moja, saa ya Zambia, na Tunduma nzima hakuna aliyewahi kubishana na sababu hiyo. Nikafika saa mbili, nahema vizuri kabisa. Noah ilikuwa inanisubiri. Eva alikuwa amewaambia: msimwache Tuse, simu yake hiyo huwa inahamia Zambia.

Itumba, pale stendi, Mwalimu Imelda akamuuliza muuza karanga nyumbani kwa Mzee Zebedayo Kibona. Nikangoja kusikia hayupo mtu kama huyo. Muuza karanga akauliza tunamtaka yupi. Yuko mmoja wa miaka mitano, na mwingine yule wa juu kule kwenye migomba.

Nikanunua karanga.

Akina mama wakakaza vitenge viunoni. Walipofika kwenye uzio wakaanza kulia wote kwa pamoja, Eva akiwazidi. Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mrefu, ana kikombe cha chai mkononi na kiazi kitamu mdomoni. Akatafuna, akameza, akauliza nani amefariki.

Mama mmoja akamwambia: ni wewe, baba.

Mzee akajitazama kuanzia miguuni. Akasema basi karibuni ndani, maana naona mmekuja na sukari.

Macho yote yakanigeukia. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, kwamba labda bodaboda alisema mzee amezidiwa, na upepo ukachukua maneno mengine. Mwalimu Imelda akapiga magoti pale pale kwenye tope na mabuti yake. Ibada ya kufariji ikageuzwa ibada ya shukrani. Nyimbo zilibadilishwa, mchele ulikuwa ule ule.

Halafu Mwalimu Imelda akatoa kitabu kwenye mkoba. Akasema watoto wa Tunduma wamekipenda kuliko vyote. Akauliza kama ndiye aliyekiandika.

Mzee akakipokea. Akasoma jina lake kwenye jalada. Akawatazama akina mama tisa waliosafiri kuja kumlilia, akatazama unga, akatazama viti vyake ambavyo nadhani havijakaliwa na wageni siku nyingi.

Akasema ndiyo. Alikuwa amesahau kama alikimaliza.

Tulipokuwa tunaondoka akasema yule binti mkimya aje amsaidie kubeba mkungu wa ndizi za wageni. Kule mgombani akanisogelea. Akaniuliza: mwanangu, huyo mbuzi mwishoni anarudi kwao au harudi?

Nikamsimulia kitabu kizima kabla panga halijamaliza mgomba. Hakuuliza nimekijuaje. Aliposikia mwisho akakunja uso. Akasema mwanzo ni mzuri, mwisho umepoa.

Nimemuua, nimemfufua, bado ananikosoa!

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeamua. Siku ya Kusoma nitasimama na kusema ukweli. Nimejifunza hotuba mbele ya kioo. Ina sentensi mbili. Kitabu ni changu. Naombeni radhi.

Mama amepita akauliza naongea na nani. Nikasema nasali.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ya Kusoma.

Mzee Zebedayo alifika amevaa koti. La kahawia, mfuko wa kifuani una kalamu mbili. Yaani vile vile nilivyomwaza. Watoto walimshangilia kuliko wanavyoshangilia soda. Rozi alimshika mkono kwanza kuhakikisha ana joto.

Bwana Alinanuswe, wa wachapishaji, alikaa meza ya mbele na karatasi zake. Alisema Mwalimu Imelda alimtumia kitabu cha mbuzi, akakisoma njiani akapitiliza kituo. Anataka kukichapa, jalada la rangi, kiende shule zote za mkoa huu na Mbeya.

Watoto wakauliza maswali. Rozi akauliza mbuzi alikuwa na umri gani. Mzee akasema hakuwahi kumuuliza, mbuzi jike haulizwi umri. Eva akauliza funzo la hadithi ni nini. Mzee akasema ni kufunga gunia.

Kisha akaomba kusimulia mwisho, akaubadilisha. Wangu: mbuzi anarudi kwa bibi na mhuri kwenye pembe. Wake: mbuzi anakataa kuhama, anazaa pale pale katikati ya mpaka, pacha, mmoja kichwa Tanzania na mwingine kichwa Zambia, na maofisa wanaacha kugombana kwa sababu lazima mtu awashikilie watoto wakati mama anakula. Watoto waliruka juu ya mabenchi. Bwana Alinanuswe akaandika haraka, akasema tutautumia huo.

Nilikasirika sana. Ni mzuri kuliko wangu.

Kabla ya mzee kutia sahihi mkataba wa kukichapa, Mwalimu Imelda akauliza kama kuna mwenye neno la kusema kuhusu kitabu hiki. Hakutazama watoto. Alinitazama mimi. Akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri alipotufundisha darasa la tatu, wakati mtoto anajua jibu.

Nikasimama. Kweli nilisimama, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Watu wote wakageuka. Eva akaacha kutafuna. Sentensi zangu mbili zilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamwona Mama nyuma, karibu na mlango, na akina mama tisa waliolia Itumba kwa ajili ya mtu aliye hai. Nikawaza: nikisema kitabu ni changu, swali la pili litakuwa nani alimuua mzee.

Nikasema naomba viti vya dirishani visogezwe, jua linawapiga watoto.

Vikasogezwa. Bwana Alinanuswe akasema huyu binti ana huruma.

Mzee Zebedayo akatia sahihi polepole, herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona wino ukikauka. Mtu asiniulize usiku huu nilikula nini. Sikula.

Alipopita kwenda kwenye gari akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ndogo: cha pili lini, mwanangu?

Jumapili, 15 Desemba

Nimelitafakari jambo hili na nimeliona kosa langu waziwazi. Nililitafuta usiku kucha, na nashukuru nimelipata.

Kosa lilikuwa Itumba. Itumba ni karibu mno.

Nimemchagua mwandishi mpya. Ni mjane, anaitwa Bana Mulenga, yaani mama Mulenga kwa lugha ya huko, anaishi Nakonde, ng'ambo, nchi nyingine kabisa. Nani atavuka mpaka kwa ajili ya kitabu cha watoto? Na huyu simuui. Huyu yuko safarini Lusaka, kila siku, maisha yake yote. Kitabu kinahusu bata anayetaka kuwa wakala wa forodha. Nimeshaandika kurasa nne na zinachekesha, hata Mama alisikia nikicheka peke yangu na akauliza kama bado nasali.

Baada ya ibada nilimdokeza Mwalimu Imelda kwamba kuna mama mmoja wa Nakonde naye anaandika. Alifurahi sana. Akasema akina mama wa kanisa walikuwa wanatafuta pa kwenda mwezi Januari, na Eva ana shangazi pale sokoni Nakonde anayemjua kila mtu. Nimemwambia Bana Mulenga hajambo kabisa. Nimelisisitiza hilo.

Mzee Zebedayo naye ametuma salamu kwa bodaboda, bodaboda wa kweli safari hii. Ameleta ndizi. Anasema kitabu cha pili kiwe tayari kabla ya Pasaka na mwisho wake niuache wazi, ataujaza mwenyewe. Nimemtumia jibu kwamba kinahusu bata.

Kwa hiyo wewe uliyeshika daftari hili, kama si Mama, nakuomba kwa heshima. Usimwambie Mwalimu Imelda. Usimwambie Eva hata akikuletea soda. Na zaidi ya wote, usimwambie Mzee Zebedayo habari za Bana Mulenga. Anadhani yule bata ni wake.