Siku Kambale wa Ferista Atakapokula

Jumatatu, 4 Agosti

Kambale hajala. Wiki ya pili sasa. Perege wanne wanagombania chakula juu ya tangi, yeye kajibanza chini ya kigae, sharubu tu ndizo zinaonekana.

Si kambale wangu. Ni wa Ferista, mchumba wangu wa Ihanda. Alimleta kwenye ndoo kutoka bwawa la kaka yake, siku nilipomtambulisha kwetu hapa Tunduma. Nami nilifanya mambo siku hiyo: ukoo mzima, majirani, spika mbili, mpiga video. Ferista akawekewa sahani katikati ya watu. Hakugusa hata tonge. Akaaga mapema, akapanda gari la saa tisa. Mpaka leo sijui nani alimuudhi.

Jana kapiga simu. Habari zangu hakuuliza. Kauliza kama kambale amekula. Nikasema bado. Akasema siku atakapokula pamoja na wenzake, nimwite aje aone.

Basi huyu samaki atakula, atake asitake. Nimemkumbuka Ferista mpaka nasikia sauti yake kwenye simu mbovu za wateja.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: mwanga. Huenda haoni chakula. Nimefunga ile taa kubwa ya kibandani ninakotengenezea simu juu ya tangi, nikalala kifudifudi sakafuni kumchungulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kimegoma. Kambale kanigeuzia mgongo.

Eliakim kinyozi kapita, kacheka. Samaki wake yeye wanakula mkononi, na kila mteja anayekaa kwenye kiti chake lazima aambiwe. Kanishauri nimuunge kambale na nyanya chungu. Kisha kauliza, kwa upole usio wa kawaida yake, kama Ferista bado ni mchumba wangu. Nitanyoa kwingine.

Jumatano, 6 Agosti

Shangazi Tulinagwe, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, kapita kunisalimia. Nikamweleza shida yangu. Kasema kwao mkwe hali ukweni mpaka apewe kitu cha kumfungua mdomo. Akili hiyo! Nikadumbukiza sarafu ya kwacha ndani ya tangi, na shikamoo juu yake. Perege wakatawanyika, mmoja akaruka mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Bahati ilikuwa imepoa. Kambale sasa hata sharubu sizioni.

Nimempigia Ferista, nikamsimulia yote, taa, sarafu na chai. Kasema kuna viumbe hawawezi kula wakikodolewa macho. Nikamwambia kweli kabisa, perege wana macho makubwa, nitatafuta namna ya kuwaziba. Simu ikakatika. Mtandao wa mpakani haufai.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Umeme umekatika saa moja jioni, nimetoka tu kumwaga chakula tangini. Taa kubwa zii. Nikakaa kwenye kigoda, sina mpango wowote, nawaza Ferista alivyoshika ile ndoo kwa mikono miwili ili maji yasimwagike. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, linatoa mwanga kidogo.

Nikasikia maji yanachezacheza. Kambale ametoka! Polepole, sharubu mbele, kaingia katikati ya perege, akala nao. Hawakumfanya kitu. Nilitamani Ferista awe hapa, kwenye kigoda cha pili, tuangalie bila kusema neno.

Nimempigia. Kacheka, mara ya kwanza tangu aondoke. Atakuja Jumapili baada ya ibada. Kasema nisijisumbue, nipike wali kidogo, tule wawili tu.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja. Nilikuwa nimejiandaa: kwaya ya vijana, spika mbili, Shangazi Tulinagwe na wenzake wa Nakonde, hata Eliakim, aone kwa macho yake. Taa moja juu ya tangi, nyingine juu ya kiti cha Ferista.

Kambale hakutoka. Ferista hakugusa wali. Kasalimia watu wote kwa adabu, mmoja mmoja, kisha kakunja mkono wa gauni, kamtoa kambale chini ya kigae, kamtia ndooni. Mlangoni kaniambia, kwa upole mpaka nikatamani kulia, kwamba nikishatambua kitu gani kilimfanya kambale ale siku ya Ijumaa, niende Ihanda nimwambie. Kasema bado ananisubiri.

Wageni wameondoka. Sahani yake ipo mezani, nimeifunika kawa. Sina moyo wa kuiosha.

Nimewaza jioni nzima, na nimepata. Ilikuwa ile sarafu. Ilichelewa tu kufanya kazi. Jumamosi nakwenda Ihanda kumfungua mdomo Ferista. Kwaya imekubali kunisindikiza.