Kuhusu Bodi Mpya na Upepo Tunaouvumilia kwa Ajili Yake

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bibi Vidosava,

Pokea salamu kutoka chumba cha mitambo, ghorofa moja tu chini ya ofisi yako, ingawa kwa baridi ya huku siku hizi ungedhani nakuandikia kutoka mlimani. Ni mimi Tihomir, ninayekaa kwenye paneli ya kubadilishia kamera tangu televisheni yetu ianze. Nabonyeza kitufe, na Kamenovac nzima inaona ninachotaka ione. Naandika kwa heshima kulalamikia matibabu ambayo Mhandisi Zorana ameipa paneli hiyo, na kuomba bodi ya zamani ya saketi irudishwe, dirisha lifungwe, na kitambaa cha mke wangu kirudi mahali pake.

Sijasahau ulichosema Jumatatu mbele ya watu wote: "Nikikuta tena kitu kimeifunika paneli ile, Mzee Tihomir, kiti hicho atakikalia mwingine." Tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Mimi sina kazi nyingine ninayoijua, wala sitaki kuijua. Kwa hiyo naomba unisikilize kabla ya kunitafutia mrithi.

1. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ni kweli nilikuwa nabonyeza kamera ya pili, inatokea ya nne. Ni kweli pia kwamba katika kipindi cha salamu, tulipomkumbuka kwa kimya marehemu mwenyekiti wa wafuga nyuki, badala ya picha yake watu walimwona mpiga kodiani wetu akila burek, ule mkate wa nyama unaochuruzika mafuta. Lakini mjane hakulalamika. Alipiga simu kuuliza burek ile imenunuliwa wapi.

2. Mhandisi alipofika aliifungua paneli, akachomoa bodi ya safu ya juu ya vitufe na kuipachika chini, na ile ya chini akaipandisha juu. Safu ya juu ikapona, ya chini ikaanza kuugua. Akaniambia, "Umeona, mzee wangu? Ugonjwa umehama pamoja na bodi. Basi bodi ndiyo mbovu." Mheshimiwa, hata bibi yangu, aliyekufa bila kuiona televisheni, angejua maana yake: ugonjwa huu unaambukiza. Safu ya chini ilikuwa nzima kabisa mpaka huyu binti alipoiletea mgonjwa nyumbani.

3. Kisha akaiinua bodi kwenye mwanga, akanionyesha doa jeusi, akasema imeungua kwa joto kwa sababu matundu ya hewa yalizibwa na kitambaa. Kitambaa hicho Ljubinka wangu alikifuma majira yote ya baridi, chenye maua pembeni, ili paneli isipigwe na upepo unaopenya kati ya mlango na dirisha. Nani Kamenovac asiyeujua upepo huo? Shemeji yangu aliketi kwenye treni kati ya madirisha mawili yaliyo wazi, akashuka shingo imekaza na mdomo umepinda. Nilimweleza Mhandisi haya yote taratibu, kinga ni bora kuliko tiba. Akacheka. "Mzee, mashine haina shingo. Umemfunika blanketi mgonjwa wa homa." Sikulelewa kubishana na wageni.

4. Bodi mpya imekuja na masharti ambayo hata mama mkwe hakunipa. Dirisha liwe wazi, mlango uwe wazi, na feni iipepee. Kitu chenye ukubwa wa kiganja kinapata hewa safi, na mimi, binadamu mwenye wajukuu, nakaa katikati ya mkondo wake nikiwa na kofia ya manyoya, skafu mbili na soksi zilizolowekwa rakija, pombe kali ya matunda. Jana fundi sauti alinong'ona kwenye vipokea sauti: "Tihomir, meno yako yanagongana mpaka yanasikika hewani." Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja na mwenyeji amekakamaa shingo.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Bodi mpya inatii. Ukibonyeza mbili, inatokea mbili. Zamani Meya akionekana anapiga miayo, tulisema "ni bodi", na mji mzima ukaelewa. Wiki hii amepiga miayo tena, na ofisi yake imeuliza jina langu. Kifaa kisichokosea ni hatari kwa wafanyakazi, Mheshimiwa, na sidhani kama chama chetu kilishirikishwa.

6. Napendekeza basi madirisha ya jengo zima yafungwe, likiwemo la ofisi yako, kwani upepo hushuka ngazi. Bodi ya zamani iwekwe karibu na jiko ipumzike mpaka ipate nguvu. Naye Mhandisi Zorana apelekwe kwa Ljubinka msimu mmoja wa baridi, afundishwe kufuma na kufunga milango nyuma yake.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, niwezaye kwa sasa kugeukia upande wa kushoto tu. Msalimie mumeo, msalimie mama yake na magoti yake, wasalimie wahasibu wote, mlinzi wa geti, na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Tihomir Stamenić

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii nimeiandikia juu ya paneli yenyewe, kwani hapa ndipo penye taa. Ili vidole visigande nilifunga dirisha na mlango, nikazima feni, na bodi nayo nikaionea huruma, nikaifunika kwa koti langu. Nimebonyeza kamera ya pili sasa hivi ili kujaribu. Imetokea ya nne. Koti limepata moto kama mkate uliotoka tanuri, na Meya ameshaketi studio kwa ajili ya salamu zake. Nimefungua madirisha yote, hata la chooni. Nakuomba namba ya simu ya Mhandisi Zorana, na barua hii, kama bado hujaifungua, nirudishie.